Kuanguka Nyabibuye

Mvua ilikuwa imetufungia watu saba ndani ya banda langu la kuchaji simu, na banda lenyewe likijaa linatosha wanne. Ilikuwa masika ya mwaka 2024, siku ambazo njia ya kushuka kwetu inateleza kama bamia na waendesha boda wanaona heri kukosa abiria kuliko kukosa meno. Kijana mmoja kati yao akachomoa simu yake kwenye chaja, akaiegemeza kwenye betri ya sola ili wote tuone, akasema, "Mzee, hebu ona Waganda hawa."

Tukaona uwanja wa tope. Halikuwa tope la bahati mbaya. Lilikuwa limetayarishwa, jekundu, zito, linang'aa. Pembeni zimesimikwa nguzo, na pale ambapo kwenye televisheni huwa kuna kamba, hapa imefungwa mianzi. Msichana mwembamba akapanda juu ya mianzi, akaupa uwanja kisogo, akajirusha kinyumenyume, akapinduka hewani mara moja na kumwangukia mwenzake aliyelala chali. Refa, aliyetapakaa tope hadi masikioni, akajitupa chini na kuanza kuhesabu kwa kiganja.

Bandani tulipiga kelele kwa pamoja. Mimi, mtu wa miaka arobaini, niligundua kwamba nimesimama na vidole viwili viko juu, namhesabia refa.

"Si ni maigizo haya?" akauliza mama mmoja muuza ndizi.

"Maigizo ndiyo, mama," kijana akajibu. "Lakini mgongo ni wake."

Kwenye kona, juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, alikuwa amekaa binamu yangu, mfyatua tofali, na mkono wake wa kushoto ambao haunyooki. Hakusema kitu. Alikuwa ameinamia simu kama fundi saa.

Wale Waganda wanajiita Soft Ground Wrestling, maana yake mieleka ya ardhi laini. Wako Mukono, mashariki ya Kampala. Aliyewakusanya anajulikana kwa jina la Bumbash, na walianza kuonekana mwaka 2023. Hawakuwa na ulingo wa mbao wala turubai la kutandika juu yake. Walikuwa na udongo, mianzi, simu za kurekodia na vijana wasiojua kuchoka. Ndani ya muda mfupi dunia nzima ya wapenda mieleka ilikuwa inawajua, na mimi, shabiki wa miaka karibu thelathini, nikawa naletewa habari zao na mtoto wa boda.

Jina lao lilinichoma kidogo. Sisi kwetu ni Nyabibuye, mkoani Kigoma. Ibuye ni jiwe, kwa Kiha kama kwa Kirundi, na mwenye masikio atayasikia mawe yakigongana ndani ya jina la kijiji chetu. Ardhi yetu si laini.

Mieleka ilifika kwetu mwaka 1997, juu ya baiskeli. Mwenye banda la video alikuwa mtu wa hapa hapa aliyekwenda kutafuta maisha Kahama, akarudi na deki, televisheni ndogo yenye chogo refu, na jenereta ambalo likiwaka mbwa wote walihamia kitongoji cha pili. Banda lilizungushiwa turubai jeupe lenye maandishi ya bluu, la aina iliyokuwa ikionekana kila mahali upande wetu tangu Warundi walipovuka mpaka kwa wingi mwaka 1993. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Asiye nayo alileta bakuli la maharage, na nadhani mwenye banda alipata maharage mengi kuliko fedha.

Alikuwa pia ndiye mtafsiri wetu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba Dar es Salaam wana Lufufu, bingwa wa kutia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za watu. Sisi tulikuwa na huyu, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Alitazama midomo ikicheza na kuamua mwenyewe wanachosema. Mpaka leo nikiziona zile sura nasikia maneno yake: kwamba huyu amemdhulumu yule shamba la migomba, kwamba yule hakulipiwa mahari ya dada yake. Ugomvi wote ukawa wa kwetu. Sijawahi tena kupata sababu nzuri kama hizo za watu kupigana.

Mkanda tuliourudia mpaka ukaanza kuonyesha chenga ulikuwa wa mwaka 1992. Ulikuwa umeshazeeka miaka mitano kabla haujapanda vilima vyetu, lakini hakuna aliyetuambia. Ndani yake kulikuwa na mtu mmoja mrefu, amevaa nguo nyeusi na kofia nyeusi, anatembea kama anayefuata jeneza. Dunia inamjua kama The Undertaker. Kwetu alikuwa Andateka, na wengine walidhani ni jina la Kihindi. Na kulikuwa na mpinzani wake, jitu jeusi lenye tumbo, miguu mitupu, rangi usoni, nyota kifuani na mwezi tumboni. Mtafsiri wetu, safari hii, alisoma jina sawasawa: "Kamala! Mganda!"

Hebu fikiria. Watoto wa Kigoma tumekaa chini kwenye vumbi, tunaona watu wa ng'ambo, na ghafla anatokea mtu wa jirani. Uganda tunaijua. Ni hapo juu tu, ukishamaliza Kagera. Banda zima likahamia upande wa Kamala, na binamu yangu kuliko wote. Kuanzia siku ile alikataa kuitwa kwa jina la ubatizo.

Mwisho wa mkanda ulikuwa mbaya. Andateka alimshinda Kamala, akamsukumia ndani ya jeneza, akafunika, akachukua nyundo na kupigilia misumari. Sasa nafahamu kwamba pambano lile lilifanyika Novemba 1992 katika jimbo la Ohio, na kwamba miezi mitatu kabla yake wawili hao walikuwa wamepambana Wembley, London, mbele ya watu ambao waandaaji walitangaza ni 80,355. Wakati ule tulichojua ni kwamba mtu amezikwa hai na watu wazima wanashangilia. Watoto wawili walilia. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni alichungulia, akaona jeneza, akauliza kwa sauti kubwa, "Nani amefiwa?" Mtafsiri akashindwa kumjibu. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekosa neno.

Mjomba wangu, baba wa binamu, alikuwa na maoni yake. Mwaka 1979 alikwenda vitani Uganda akiwa mgambo, na alikuwa mmoja wa wale wazee ambao vita havijawaisha mdomoni. Tulipomletea habari za Kamala aliuliza amevaa nini. Tukamweleza: nguo ya chui, rangi, mkuki. Mjomba akavuta kiko akatema mate pembeni.

"Mimi nimetembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala," akasema. "Nimewaona Waganda wamevaa suti, wamevaa kanzu, wamevaa gwanda, wengine wamevaa gauni la mke ili wakimbie. Mwenye mwezi tumboni sikumwona."

Tulimwona mzee hajui kitu. Ilinichukua miaka mingi na bando nyingi za intaneti kujua kwamba ndiye peke yake aliyejua. Kamala hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Senatobia, jimbo la Mississippi, mwaka 1950. Mwaka 1982, huko Memphis, ndipo alipopakwa rangi na kupewa Uganda. Hadithi iliyouzwa kwa watazamaji ilisema kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mjomba alikuwa amekwisha kufariki, na ningetoa chochote ili nimsomee mstari ule nione uso wake.

Kuna Mkongomani mmoja muuza vitenge tuliyezoea kumsikiliza sokoni, naye alitucheka kwa njia nyingine. Kwao wanaita catch, na akisimulia catch ya Kinshasa jeneza la Andateka lilionekana kama mchezo wa chekechea. Kule, alisema, mpiganaji haji na misuli peke yake, anakuja na dawa. Anampulizia mwenzake kitu, mwenzake anaanza kucheza ngoma asiyoijua mpaka aanguke. Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nikaja kuona picha za wapiganaji hao na habari za Edingwe, jina kubwa katika mieleka hiyo ya uchawi, nikaona kumbe yule mzee alikuwa anatupunguzia.

Sasa nifike kwenye jabali.

Nyuma ya nyumba ya mjomba kuna jiwe pana, bapa, ambalo akina mama wa pale hutumia kuanikia mihogo. Msimu wa kiangazi linakuwa jeupe kwa unga, jeupe kabisa, na kwa macho ya mtoto aliyetoka banda la video lilikuwa ulingo ambao Mungu mwenyewe ameutandika. Tulizoea kuondoa mihogo pembeni, tukashindana, kisha tukairudisha kabla mashangazi hawajatoka shamba. Binamu alikuwa Kamala. Mimi, kwa sababu nilikuwa mrefu na sikuwa na aibu, nilikuwa Andateka.

Pigo moja kubwa la Andateka lilikuwa kumkamata mtu koo kwa mkono mmoja, kumnyanyua juu na kumbwaga mgongo. Siku hiyo, mbele ya watoto kama kumi, nilimkamata binamu koo. Akapanda juu. Nakumbuka wepesi wake, nakumbuka nilivyojishangaa kwamba nina nguvu hivi. Nikambwaga.

Sauti ya mfupa kwenye jiwe si kubwa kama mtu anavyodhani. Ilikuwa kama mtu amekanyaga kijiti. Kiwiko cha kushoto kiligeuka kikatazama upande ambao kiwiko hakitazami. Mzee mmoja wa kuunga mifupa aliitwa, akafunga vijiti na majani, na mkono ukapona kwa namna yake, umepinda kama kona ya njia ya Kibondo. Mjomba hakunipiga. Mwenyekiti wa kitongoji aliagiza watoto wasiingie banda la video, na agizo likadumu wiki tatu, mpaka maharage ya mwenye banda yalipopungua.

Miezi michache baadaye mwalimu mmoja alituambia darasani kwamba yale yote ni maigizo. Wanapanga kabla nani atashinda. Alisema huku anacheka, kama mtu anayegawa pipi. Sikumbuki kama nililia, nakumbuka tu kwamba nilimtazama binamu na mkono wake shingoni kwenye kitambaa, nikafikiri: sasa huu nao umepangwa na nani?

Nimeishi na neno la mwalimu yule muda mrefu, na nimeona halina uzito kama alivyodhani. Bibi harusi wa kwetu anatakiwa ainamishe kichwa, asicheke, atoe machozi akiaga. Wote tunajua kwamba amemtaka huyo bwana tangu msimu wa mahindi uliopita. Hakuna anayesimama katikati ya ukumbi kutangaza kwamba machozi yale ni maigizo. Anayefanya hivyo hatumwiti mkweli, tunamwita mtu asiye na adabu. Watu wa mieleka wanaomba adabu hiyo hiyo, na shabiki anaitoa akijua anachokitoa.

Nilipopata simu yangu ya kwanza yenye intaneti sikutafuta mapambano. Nilitafuta jinsi wanavyoanguka. Nikajifunza kwamba mwanafunzi wa mieleka kabla hajafundishwa kupiga anafundishwa kuanguka: kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, mgongo wa juu utue wote kwa mara moja, viganja vipige chini ili kishindo kigawanyike, kiwiko kamwe kisitangulie. Nikajifunza kwamba ulingo ni mbao juu ya vyuma, na juu yake kuna godoro jembamba tu. Na nikajifunza kubwa kuliko yote, kwamba mtu habebwi. Yule anayekamatwa koo ndiye anayeruka. Anashika mkono wa mwenzake, anajisukuma kwa miguu, na mwenzake kazi yake ni kumwongoza na kumlinda. Mbebwa hujikaza, walisema wahenga, nami niliiona methali ile ikivaa kaptura.

Hapo nikapata maelezo yangu. Binamu hakuruka. Aliachia mwili kama gunia, nami mtoto mjinga nikalibwaga gunia. Maelezo hayo yalinifaa sana. Niliyabeba miaka na miaka, na kila nikiona kile kiwiko niliyatoa, nikayapangusa vumbi, nikayarudisha mfukoni.

Mwaka 2018 nilipoteza fedha ya bando ya mwezi mzima kwa onyesho moja. Lilifanyika tarehe 1 Septemba karibu na Chicago, likiitwa All In. Marekani, mieleka ya televisheni kwa miaka mingi ilikuwa ni kampuni ya WWE, na wengine walikuwa kama wauza nyanya nje ya geti la soko. Mwandishi mmoja wa habari za mieleka, Dave Meltzer, alikuwa amesema kundi kubwa la wale wa nje lisingeweza kujaza ukumbi wa watu 10,000. Mpiganaji Cody Rhodes na ndugu wawili, Young Bucks, wakamjibu kwa kukodi ukumbi wao wenyewe. Tiketi zikaisha kabla ya nusu saa. Walihudhuria watu 11,263.

Nililitazama kwa vipande, kwa sababu mtandao wetu wakati ule ulikuja na kuondoka kama mgeni mwenye madeni. Cody alishinda mkanda ambao baba yake, Dusty Rhodes, aliwahi kuushika, na baba alikuwa amefariki mwaka 2015. Akalia. Ushindi ulipangwa, bila shaka. Lakini niliona kidevu kinavyotikisika, nikamkumbuka mjomba, nikazima simu kwa kisingizio cha kuokoa chaji. Niliona pia, na hili lilinipendeza kuliko mkanda, umati ule ulivyojaa kiburi. Walikuwa wamekuja kumthibitishia mtu mmoja kwamba wapo. Nyabibuye tunaijua hamu hiyo. Sisi ni watu ambao mpaka juzi, ukitaja unakotoka, ulitakiwa kutaja kambi ya wakimbizi iliyo karibu ndipo ueleweke.

Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Agosti 2020, James Harris alifariki akiwa na miaka 70, baada ya kuugua Uviko. Kisukari kilikuwa kimekwisha kumchukua miguu yote miwili. Ile miguu mitupu tuliyoishangilia. Nilikwenda kwenye tanuri la tofali kumwambia binamu. Alisimama akiwa na tofali bichi mkononi, akauliza, "Yule Mganda?" Nikasema ndiyo. Sikuwa na moyo wa kumwambia habari za Mississippi siku hiyo, na mpaka leo sina hakika kama zinamhusu.

Ndiyo maana, mvua ile ya 2024, kilichonishika si kuruka kwa yule msichana. Lilikuwa neno Waganda. Miaka zaidi ya arobaini Uganda ilikuwa rangi ya kupaka mtu wa Mississippi na mkuki wa kumshikisha. Sasa wametokea wenyewe, na hawakuleta chui wala mkuki. Wamevaa kaptura za mtumba na fulana zilizochanika, wana refa anayegombana na kila mtu, na yaliyobaki ni umahiri. Nilitaka kuyasema hayo bandani lakini mama wa ndizi alikuwa anahesabu, "Moja! Mbili!" na hakuna aliyekuwa na nafasi ya hotuba.

Kijana akafungua pambano lingine. Wanaume wawili. Mmoja akamkamata mwenzake koo kwa mkono mmoja.

"Andateka," binamu akaniita kutoka kwenye debe lake. Ndivyo anavyoniita, hata msibani.

"Naam."

"Mwambie arudishe nyuma kidogo. Hapo. Umeona miguu ya huyu wa juu?"

"Nimeiona. Ameruka," nikasema. Kisha, sijui shetani gani, nikayatoa yale maelezo yangu mbele za watu. "Ndiyo siri yenyewe. Siku ile ungeruka, kaka, mkono wako ungekuwa mzima."

Binamu aliinua macho kutoka kwenye simu. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama tofali lililotoka kwenye kalibu na kona imekatika.

"Niliruka," akasema.

"Uliruka?"

"Niliruka sana. Ule mkanda nilikuwa nimeuona mara nne, nilishajua mtu habebwi bila kuruka. Wewe ulidhani umeninyanyua na vile vimikono vyako?" Vijana wa boda wakaangua kicheko. "Niliruka, nikakaza shingo, nikakushika mkono. Kila kitu nilifanya."

"Sasa ilikuwaje?"

"Lilikuwa jiwe."

Mvua ilizidi kupiga mabati. Binamu akanyoosha mkono, ule uliopinda, akaichukua simu kutoka kwenye betri na kuisogeza karibu na macho, akaanza kutazama chini ya miguu ya wale wapiganaji, mahali ambapo sisi wengine hatukuwa tumetazama.

"Hili wamelikanda siku mbili," akasema. "Maji yake yamepimwa. Ona linavyorudi likikanyagwa." Akamrudishia kijana simu. "Anzia kwa yule msichana."